Sentensi Isiyo na Kosa

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kwenye kiti chako cha dirishani, miwani puani, mkaza mjomba akikukumbusha kwamba chai inapoa. Mimi nimefika salama na chumba nimepata. Ni kidogo kiasi kwamba nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, lakini kina dirisha, na dirisha linatazama ua wa nyuma wa hospitali ninayofanyia kazi. Mwambie mama miguu iliyovimba safarini imeshapona, na aache kuwatangazia majirani kwamba naumwa.

Nimepangiwa chumba cha kufulia. Usicheke. Huku hakuna beseni wala kamba ya kuanikia. Ni ukumbi mzima, mashine zinanguruma kutwa, na mashuka ya wagonjwa yanaingia kwa vigari upande mmoja na kutokea upande wa pili yamekunjwa. Joto lake acha tu. Nipo kwenye majaribio ya miezi sita. Katikati ya Julai wakiona nafaa, napewa mkataba. Wakiona sifai, unga umemwagika, narudi nyumbani kumsikiliza mama akisema alijua.

Ukurasa wa Kiingereza nimeutia humu kama tulivyopatana: barua kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa Kiingereza, wewe unausahihisha na kunirudishia. Nimeusoma mara tatu kabla ya kufunga bahasha, kama ulivyonizoeza tangu nina miaka minane.

Na nakushukuru, mjomba. Wenzangu niliofika nao walijaziwa fomu na watu wengine. Mimi nilijaza yangu, nikajaza na za wenzangu wawili. Karani aliniuliza nimejifunzia wapi Kiingereza kizuri hivi. Nilitaka kumwambia, mezani kwa mjomba wangu. Sikumwambia, foleni ilikuwa ndefu.

Mpwa wako


1 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, marahaba. Huku hatujambo. Mama yako na mimi hatujazungumza kwa siku nne kwa sababu ya banda lake la kuku, ambalo amelisogeza hatua mbili ndani ya upande wangu na anadai limesogea lenyewe. Mkaza mjomba wako anapeleka ujumbe huku na huku na nadhani anafurahia. Anakusalimu sana na anauliza kama ile sweta inatosha mabegani.

Sasa kazi. Nakurudishia ukurasa wako. Alama nyekundu ni thelathini na nne. Usife moyo, mwaka jana zilikuwa hamsini.

Kosa la kwanza ni lile lile la watu wetu wote: unafikiri kwa Kiswahili halafu unahamisha neno kwa neno, kama mtu anayehama nyumba akabeba na milango. Umeandika kwamba njaa ilikuuma. Kiingereza hakina njaa inayouma. Mtu ndiye anayekuwa na njaa, basi. La pili, huyo msimamizi wako. Mstari wa tatu ni mwanamume, mstari wa tano ni mwanamke, mstari wa saba amerudi kuwa mwanamume. Najua sisi "yeye" wetu ni mmoja kwa wote, lakini kwao hilo ni tusi. Mtazame vizuri halafu ushike moja. La tatu, ukiulizwa kama hujamaliza kazi, na kweli hujamaliza, sisi tunaitikia ndiyo. Wao wanasema hapana. Ukichanganya hapo, utaagizwa uende nyumbani na kazi ipo nusu.

Halafu yale maneno marefu uliyookota kwenye kamusi. Nimeyakata yote. Mtu anayemeza orodha ya maneno bila kujua yanakaa wapi kwenye sentensi ni sawa na aliyenunua vifungo hana shati.

Lakini juu ya yote, shika kanuni ya kiwandani. Miaka thelathini na moja nilisoma prufu, zile kurasa za majaribio, kwenye kile kiwanda cha kupiga chapa, na hakuna kilichotoka mikononi mwangu kabla ya kusomwa mara tatu. Mara ya kwanza unatafuta makosa ya maana, ya pili ya maneno, ya tatu yale yaliyojificha. Fanya hivyo hata kwa mdomo. Tunga kwanza, soma kichwani mara tatu, ndipo ufungue kinywa. Hakuna atakayekucheka.

Ndivyo nilivyoheshimika mimi mpaka wakanitaka niwe mkuu wa idara, nikakataa mwenyewe kwa hiari yangu. Hiyo hadithi unaijua.

Mjomba wako


4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na vita vya banda la kuku. Mwambie mama namuunga mkono, kisha mwambie mkaza mjomba nakuunga mkono wewe.

Huku nipo, najikaza kisabuni, na sabuni ipo nyingi. Kanuni ya kiwandani naifuata. Nimenunua daftari dogo linaloingia kwenye mfuko wa aproni. Nikitaka kusema jambo naliandika kwanza, nalisoma mara tatu, narekebisha. Sentensi zangu sasa ni safi, ungeziona ungefurahi. Shida ni ndogo tu: nikimaliza kusafisha, watu wameshahamia habari nyingine. Juzi walikuwa wanazungumzia mvua, na mimi nilikuwa na neno zuri sana la kuchangia. Nilipolimaliza mvua ilikuwa imekatika.

Wamenipa jina. Wananiita Bubu, kwa lugha yao. Nimecheka sana, maana nyumbani nilikuwa Chiriku, na mama alikuwa akinipa muwa nitafune ili nyumba ipumzike kidogo.

Mengine salama. Ukurasa wa Kiingereza nimeusahau, posta inafungwa.

Mpwa wako


22 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua yako fupi imefika. Sisi wazima. Banda la kuku limerudi kwake hatua moja, nami nimekubali kupoteza hatua moja, kwa hiyo tumeanza kusalimiana.

Ukurasa uko wapi? Umesahau, unasema. Umesahau kitu ulichokifanya kila wiki kwa miaka kumi na tisa? Nilikaa na kalamu tayari, nikatikisa bahasha kama mtu anayetafuta chenji. Mkaza mjomba wako amenicheka mpaka akakaa chini.

Hilo jina lisikusumbue. Waache waseme wanavyotaka. Anayesema machache hakosei mengi. Wewe endelea na daftari lako, na barua ijayo nataka kurasa mbili.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na unisalimie nyumbani kote. Mimi mzima wa mwili. Leo sina habari ndogondogo. Nina jambo moja, na nimelizungusha wiki mbili nikitafuta pa kuanzia.

Tuna mashine ya kunyooshea mashuka. Ina mapipa mawili marefu ya moto yanayozunguka. Unaingiza shuka bichi, linapita katikati, linatokea nyuma limekauka na kunyooka. Mbele ya mapipa kuna chuma cha kinga, kazi yake kuzuia vidole visilifuate shuka. Anayeingiza mashuka hapo ni mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa nchi nyingine kama mimi, yupo hapa miaka ishirini. Sote tunamwita Bi Mvuke. Ndiye mtu pekee aliyekuwa akinisalimu kila asubuhi hata kama simjibu.

Jumanne moja, wiki mbili zilizopita, nilikuwa nasukuma kigari cha mashuka mabichi kuja kwake. Nikaona nati ya kinga imelegea na chuma kimeinama upande mmoja. Niliona vizuri kabisa. Nikajua maana yake.

Unajua nilifanya nini, mjomba? Nilitoa daftari.

Niliandika sentensi ya kumwambia. Nikaisoma mara ya kwanza, maana ipo. Nikaisoma mara ya pili, nikabadilisha neno moja. Nilikuwa kwenye ya tatu niliposikia anapiga kelele. Shuka lilikuwa limemvuta mkono. Mtu wa upande wa pili akakimbia kubonyeza kitufe cha kuzimia mashine. Mkono umeungua kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Ningeweza kumshika nguo. Ningeweza hata kupiga yowe kwa Kiswahili, yowe halina lugha. Lakini kichwa changu kilikuwa kwenye daftari.

Msimamizi, ambaye ni mwanamke, nimemtazama vizuri, alitukusanya akauliza nani aliiona ile nati kabla. Nikanyamaza. Nakuambia ukweli, nikanyamaza tena. Daftari nilikuwa nimeliacha juu ya rundo la mashuka, wazi. Akaliokota akasoma. Akasoma mara moja tu. "Hii ni sentensi nzuri sana," akasema. "Haina kosa hata moja." Kisha akanirudishia.

Mjomba, afadhali angenitukana.

Baadaye aliniita ofisini. Alisema hanifukuzi, kwa kuwa kazi yangu ya mikono ni nzuri. Lakini hawezi kuweka karibu na mashine za moto mtu asiyeweza kusema anachokiona. Tarehe kumi na tano Julai nitakaa naye nusu saa, yeye na mimi, bila karatasi. Nikiweza kuzungumza, mkataba. Nikishindwa, nauli ya kurudi.

Ukurasa wa Kiingereza sikuutia humu. Na ile mara ya Machi sikusahau. Niliuandika, nikautazama, nikauona mwekundu hata kabla hujaugusa, nikauchana. Kila nikifungua mdomo naiona kalamu yako. Sikulaumu. Hapana, acha niseme kweli: nakulaumu kidogo, na kukulaumu kunaniuma kuliko nilivyotarajia, maana bila wewe nisingekuwa hapa hata kidogo.

Niambie nifanye nini.

Mpwa wako


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita zimepita, na barua zako huwa zinachukua wiki mbili. Nimepiga simu nyumbani mara tatu. Kila mara mkaza mjomba anasema upo, huumwi, unaandika. Nikimuuliza unaandika nini, anasema unaandika na kuchana. Roho yangu ipo juu juu. Kama nimekuvunjia heshima, nisamehe. Mimi ni mtoto wako.

Bi Mvuke amerudi kazini, mkono umefungwa bandeji. Nilimwendea siku ya kwanza nikiwa na machozi tele na Kiingereza hakuna. Akanivuta kiti. Tangu siku hiyo tunakunywa chai pamoja mapumziko yote, na yeye anazungumza na kunilazimisha nizungumze. Kiingereza chake ungekisikia ungelazwa. Nyakati zote za vitenzi amezitupa kwenye sufuria moja akakoroga. Lakini madaktari wanamwelewa, mafundi wanamwelewa, hata mlinzi wa getini asiyemwelewa mtu. Asipolijua jina la kitu anakionyesha kwa kidole, watu wanamtajia, basi analo. Akicheka mtu, naye anacheka, kisha anauliza, "Haya, nyinyi mnasemaje?"

Nikisema sentensi tatu mfululizo ananipigia makofi kwa mkono mzima kwenye paja. Jana nilifikisha tano. Ya nne ilikuwa ovyo kabisa.

Zimebaki wiki sita. Naogopa.

Mpwa wako


17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, mara nyingi kadiri ulivyoniamkia bila mimi kujibu. Hujanivunjia heshima. Nyumbani ni wazima. Banda la kuku mama yako analisogeza atakavyo, sina nguvu nalo tena. Mkaza mjomba wako alikuambia ukweli. Niliandika barua hii mara saba nikaichana mara saba. Hii ya nane sitaisoma tena. Nitaifunga na mkaza mjomba wako ataipeleka posta mwenyewe, amekataa kuniacha nayo chumbani.

Kuna jambo nililiambia familia yetu nzima, nawe ulikua ukilisikia: kwamba walitaka kunipa ukuu wa idara nikakataa. Si kweli.

Mkurugenzi mpya alikuwa amekuja kutoka nje. Aliniita ofisini kwake. Juu ya meza yake kulikuwa na kitabu nilichokisahihisha mimi, alikisifu, akasema anatafuta mkuu wa idara na jina langu limetajwa na watu wote. Kisha akaniuliza swali moja tu: ungebadilisha nini hapa? Chiriku, hakuna mtu katika jengo lile aliyelijua jibu kunishinda. Mashine ya pili ilikuwa inakula karatasi, wapangaji herufi walikuwa wanafanya kazi gizani, wasomaji prufu tulikuwa tunapewa kazi jioni itakiwayo asubuhi. Yote nilikuwa nayo. Nikaanza kutunga sentensi. Nikaisoma kichwani mara ya kwanza. Nikaisoma ya pili. Yeye akasubiri, akatazama dirishani, akatazama saa yake. Nilikuwa kwenye ya tatu aliposimama akaninyooshea mkono na kunishukuru kwa kuja.

Cheo akapewa kijana wa mauzo ambaye kila wiki nilikuwa nasahihisha barua zake, na hakuna barua yake iliyopona. Yeye alijibu swali.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mkaza mjomba wako nimekataa, sitaki makuu. Nikalisema mara nyingi mpaka nikalizoea. Miaka ishirini na sita. Wiki iliyopita ndipo nilipomwambia ukweli, tukiwa tunachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nilijua siku ile ile. Ulirudi na lile shati jipya umelilowesha jasho lote." Kisha akaniuliza kwa nini nalia, na kweli nilikuwa nalia.

Nimesoma Kiingereza maisha yangu yote na sijawahi kuzungumza na mtu kwa lugha hiyo dakika mbili. Nilikuwa naogopa. Nikakukalisha mezani ukiwa na miaka minane nikakufundisha kuogopa, nikaita nidhamu. Kisha mwanamke wa watu akaungua mkono. Hilo ndilo lililonikaa kooni wiki zote hizi. Barua yako niliisoma, na kwa mara ya kwanza tangu nikufundishe kuandika sikuona kosa hata moja kwa sababu sikuwa natafuta.

Umeniuliza ufanye nini. Sina haki ya kukuelekeza, lakini nimefikiri sana, basi pokea. Kosa kubwa la anayejifunza lugha silo lile nililokuandikia Februari. Kosa ni kusubiri. Toa kwanza neno zito: hatari, mkono, simama. Yale madogo ya kupambia yatakuja nyuma yake, na yasipokuja hakuna atakayekufa kwa kuyakosa. Usiitikie ndiyo kwa jambo ambalo hukulielewa kwa kuona haya. Sisi tulikulea kwamba mkubwa haulizwi mara mbili. Huko uliza hata mara tano. Mtu akicheka, mwulize wanasemaje, kama anavyofanya Bi Mvuke, ambaye nakubali ni mwalimu kunishinda. Ukiandika, hapo sahihisha mpaka uchoke, karatasi inasubiri. Mtu aliyesimama mbele yako hasubiri.

Nami nimeanza. Fundi redio wa jirani alijifunza Kiingereza kwa kusikiliza matangazo, basi kila asubuhi namwendea tunazungumza robo saa. Siku ya kwanza nilimwambia habari za asubuhi na nikanyamaza dakika nzima. Ananicheka waziwazi, hana adabu kabisa, na mimi narudi kesho yake.

Asante kwa kunilaumu. Wengine wote walinisifu.

Mjomba wako


19 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo. Barua yako ilifika tarehe nane. Niliisoma kwenye ngazi, sikufika chumbani. Nililia, kisha nikampelekea Bi Mvuke, nikamtafsiria yote kwa Kiingereza kibovu kuliko vyote nilivyowahi kutoa, na yeye akalia pia, kwa hiyo nadhani aliielewa.

Sasa sikiliza. Tarehe kumi na tano niliingia ofisini mikono mitupu. Daftari nilikuwa nimempa Bi Mvuke anishikie. Swali lake la kwanza likawa: leo ukiiona ile nati, utafanya nini?

Mjomba, nilisimama nikapiga yowe. Nilimwambia mashine ISIMAME, kwa sauti ile niliyokuwa nikimwitia mama sokoni. Karani wa chumba cha pili akaja mbio na faili mkononi kuuliza kuna nini. Msimamizi alishtuka, kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, na baada ya hapo mdomo ukafunguka. Nilizungumza. Nilimweleza kwamba baada ya ajali nilikisoma kitabu cha maelekezo ya mashine, kile kinene kinachoning'inia ukutani na hakuna anayekigusa, na mle imeandikwa nati za kinga zikazwe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Hakuna aliyekuwa akijua. Aliniuliza nimewezaje kukisoma chote. Hapo nikamwambia, safari hii nilimwambia: nimelelewa na mjomba anayesoma kila herufi.

Nusu saa ikawa dakika hamsini. Sijui nilikosea mara ngapi. Pahala fulani nilimwita "yeye" wa kiume, akanyoosha kidole kwenye herini zake, tukaendelea.

Nimepata mkataba, mjomba. Miaka miwili. Na kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine, mimi ndiye ninayezikagua nati na kuwaambia wageni waangalie nini. Kwa mdomo. Wapo wanane, na watano kati yao wanaogopa kama nilivyokuwa naogopa. Nawauliza mpaka wajibu.

Nataka ujue kitu kimoja. Kile kitabu nisingekisoma bila meza yako na kalamu yako. Bi Mvuke amekaa mbele yake miaka ishirini. Ulinipa macho, mjomba, ulichosahau kunipa ni ukelele tu, na huo mama alikuwa nao wa kututosha sote. Nakushukuru kwa vyote viwili, kwa ulichonipa na kwa kuniambia ulichokosa. Sijui mjomba mwingine ambaye angeiandika barua ile.

Bi Mvuke anakusalimu. Ameomba namba yenu ya simu na nimempa. Usikasirike.

Mpwa wako


14 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako ameitangaza habari ya mkataba mitaa mitatu, na katika hadithi yake wewe ndiye msimamizi sasa. Tumemwacha. Mkaza mjomba wako ameanza kufuma sweta ya pili. Mimi niliisoma barua yako mbele yao wote kwa sauti, na nilipofika pale kwenye yowe mama yako alisimama akalionyesha lilivyokuwa.

Nikuambie la Jumapili. Simu ililia, mkaza mjomba wako akapokea, akasikiliza, akaniletea akisema, "Ni Kiingereza." Nikatikisa kichwa. Akaniwekea simu mkononi akaondoka, akafunga mlango.

Alikuwa Bi Mvuke. Akajitaja, akaniuliza hali. Nilikuwa na karatasi na kalamu mezani, hapo hapo mkono wa kulia. Mpwa wangu, sikuzigusa. Nilimwambia mimi ndiye niliyemfundisha binti yetu kunyamaza. Nikamwambia mkono wake umekaa moyoni mwangu tangu Mei, barua yako ilipofika. Kwa Kiswahili ningempa pole kwanza, kisha ningemwomba samahani, lakini wao wana neno moja kwa yote mawili, basi nikalisema mara mbili. Sentensi zilikuwa zinatoka zimevunjika, nikizisikia zinavyovunjika nikiwa na miaka sitini na nane, msoma prufu, na nikaziacha zitoke.

Nilipofika mwisho nikasubiri. Nikajua nimeharibu.

Kisha akasema, "Nimekuelewa."

Mjomba wako anayekushukuru